Mbingu ya Shomoro

Mtaa mzima ulishajua kwamba Rula anapenda na anapendwa. Aliyedhani bado ni siri alikuwa Rula mwenyewe. Asubuhi hiyo alijaribu blauzi karibu zote za kabatini kabla ya kwenda kufungua duka, akachagua ya kijani, kisha akavaa juu yake aproni ya kazi iliyoganda gundi, hata hiyo blauzi yenyewe isionekane na mtu.

"Ya kijani imekupendeza," Msusi wa duka la jirani alimwambia kutoka mlangoni kwake, vidole vikiwa bado kwenye nywele za mteja.

"Umeionaje na nimeifunika?"

"Kola imechungulia. Na uso wako umechungulia zaidi. Mapenzi ni kikohozi, mdogo wangu. Wewe kohoa tu, sisi tumeshasikia."

Rula akaingia ndani haraka akijifanya hajasikia, lakini tabasamu lilimponyoka.

Rula halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alipewa na mtaa, kwa sababu ya rula ya chuma isiyotoka mfukoni mwa aproni yake, na pia kwa sababu ya mdomo wake, ambao nao ulinyooka vilevile. Alifanya kazi na baba yake katika duka la fremu. Baba alikata mbao, akapiga randa na kuunga pembe. Rula alipima na kukata vioo. Mama mtu alikuwa muuguzi wa zamu, na mara nyingi alikuja kupita dukani jioni kuwachukua wote wawili kama watoto wa shule.

Na huyo aliyekuwa akimsababishia kubadilisha blauzi, mtaa ulimwita Mjapani. Hakuwa Mjapani hata wa kusingiziwa. Alizaliwa mitaa michache kutoka hapo, mama yake akiuza viatu, na ujana wake ulianza kwa kuchora mabango ya sabuni na rangi za nyumba. Siku moja jino lilimpeleka kwa daktari wa meno. Pale kwenye chumba cha kusubiria palikuwa na kalenda ya miaka mingi iliyopita, na kwenye ukurasa wake palikuwa na mchoro wa Kijapani: mwanzi mmoja wa wino mweusi, ukungu, basi. Daktari alimwita, akamwita tena, mpaka akatoka mwenyewe kumfuata. Kijana alikuwa amesimama mbele ya ile kalenda, mkono shavuni, amesahau kama ana jino.

Tangu siku ile hakuwa na raha. Alitafuta vitabu, akaandika maombi huku na huku, mpaka akapata nafasi ya kwenda Japani kusoma kwa mzee mmoja wa kazi ya wino. Miezi ya mwanzo yule mzee hakumruhusu kuchora hata mstari. Alikuwa akisaga wino tu na kutazama. Aliporudi alikuwa na brashi chache, na tabia ya kuvua viatu kila mlango aliouingia. Michoro aliyokuja nayo iliwachanganya watu: karatasi kubwa nyeupe pe, na kitu kidogo kimekaa pembeni kama mgeni aliyekosa kiti.

Baba yake Rula ndiye aliyechanganyikiwa kuliko wote.

"Karatasi ina urefu wa mlango," alikuwa akisema. "Mchoro kiganja kimoja. Hiyo iliyobaki anamwachia nani?"

Na Rula alipothubutu kumweleza kwamba yeye na huyo kijana wana nia ya dhati, mzee aliweka randa chini, akapangusa mavumbi ya mbao kwenye ndevu zake, akasema, "Mwanangu, sina ubaya naye. Lakini mtu anayeacha kazi katikati, hata ndoa ataiacha katikati."

Neno lile lilimkaa Rula kifuani kama mwiba wa samaki.

*

Siku hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya maonyesho. Kesho yake mchana, michoro ya Mjapani ingetundikwa kwenye ukumbi wa juu wa maktaba, na watu wangealikwa kuitazama. Yalikuwa maonyesho yake ya kwanza tangu arudi. Fremu zote zilikuwa tayari isipokuwa moja, ya mchoro mkubwa kuliko yote, ambao waliuacha mpaka mwisho kwa sababu ulihitaji kioo kirefu cha kuagiza.

Rula aliukumbuka vizuri ulivyoingia dukani. Mjapani aliuleta akiwa ameukunja mkononi kama mtu aliyebeba mtoto mchanga, akaufungua taratibu juu ya meza. Chini kabisa, pembeni, palikuwa na shomoro mmoja kwenye ukingo wa paa. Mguu mmoja ameshaunyanyua, shingo ameinyoosha, macho juu. Juu yake palikuwa na weupe mtupu uliopanda na kupanda mpaka mwisho wa karatasi.

Rula aliinama karibu na yule ndege.

"Anakwenda wapi?" akauliza.

"Bado hajajua," Mjapani akajibu. "Ila kwenda, ameshaamua."

Alipoinua macho alimkuta hamtazami shomoro. Alikuwa akimtazama yeye. Rula akajikuta anapima meza ambayo hakuna aliyemwomba aipime.

Sasa asubuhi hii alikuwa akifunga kamba kwenye mkokoteni aende kuchukua kile kioo, huku baba yake akiwa kaunta na mteja aliyekuja kuchukua fremu ya cheti. Mzee alikuwa akimsimulia kisa chake cha siku zote. Wateja wengine walikuja na shida ya fremu wakakaa kwa ajili ya visa.

"Basi mama mmoja akaniletea picha ya mumewe," alisema. "Akaniambia, fundi, nataka kioo kinene kuliko vyote ulivyonavyo. Nikamwuliza, mama, unaogopa vumbi?"

Hapo mzee akanyamaza. Akavua miwani. Akaipuliza, akaipangusa na ncha ya shati, jicho moja, halafu la pili. Mteja alikuwa ameinama juu ya kaunta, mdomo wazi. Mzee akavaa miwani.

"Akasema, vumbi siliogopi. Naijua shabaha yangu."

Mteja alicheka mpaka akagonga kaunta kwa kiganja. Rula naye alicheka, ingawa kisa hicho alikisikia tangu akiwa anatambaa.

"Nenda taratibu," baba yake akamwambia alipokuwa anatoka. "Kioo si cha kukimbizana nacho. Usiharakishe kurudi."

Rula akageuka. Baba yake hakuwa mtu wa kumwambia mtu asiharakishe. Lakini mzee alikuwa ameshageukia ngazi ya kwenda darini, akipiga mluzi.

*

Aliporudi, jua lilikuwa limesimama utosini. Aliegesha mkokoteni, akakibeba kile kioo ndani kwa uangalifu, akakiegemeza ukutani. Kisha akamwona baba yake. Alikuwa amesimama katikati ya karakana, shati safi mwilini, mikono nyuma, anang'aa kama bwana harusi. Nyuma yake palikuwa na kitu kimefunikwa shuka.

"Funua," akasema.

Rula akavuta shuka.

Alichokiona kwanza ni mbao. Ilikuwa nyeusi, nzito, imepigwa msasa mpaka imekuwa laini kama ngozi ya mtoto. Pembe zilikuwa zimeungwa bila hata msumari, zimekutana hivi kwamba hata unywele usingepenya. Moyo ukampiga. Aliijua mbao ile. Ilikaa darini tangu yeye yuko shule, imefungwa gunia, na kila aliyeigusa alifokewa. Baba yake aliiweka kwa ajili ya fremu ya picha ya harusi ya Rula, siku atakapoolewa.

"Baba..."

"Nimetumia sehemu tu, nyingine bado ipo juu," mzee alisema, akitazama pembeni kwa haya. "Nimemwona huyo kijana anavyokutazama ukikata kioo. Hapumui mpaka umalize. Nikasema, mtu wa namna hiyo si mtu wa kuacha kitu katikati. Kama ameshanichukulia binti, na mbao achukue."

Machozi yakamjaa Rula. Akamrukia baba yake shingoni, akamkumbatia mpaka miwani ikaenda upande. Na alipokuwa bado amemshikilia, akafungua macho, akaiona picha yenyewe juu ya bega la mzee.

Shomoro alikuwa amejaa ndani ya fremu, kichwa kinagusa juu, mkia unagusa upande, kama kuku ndani ya tenga.

Mikono yake ikalegea taratibu.

"Baba. Karatasi nyingine iko wapi?"

"Ipi? Ile isiyo na kitu? Nimeikata. Ipo pale rafuni, karatasi nzuri haitupwi." Mzee akarekebisha miwani. "Sasa tufunge fremu ya hewa kweli, mwanangu? Ndege wa watu alikuwa anapotea humo."

Rula akanyoosha mkono kuelekea rafuni. Mlangoni ikasikika sauti aliyokuwa akiisubiri tangu asubuhi, na ambayo sasa angetoa chochote isisikike: kiatu kimoja kinavuliwa, halafu cha pili.

"Ingia, ingia kijana!" mzee aliita kwa furaha. "Na leo ingia na viatu vyako, hapa kuna misumari."

Mjapani aliingia na soksi kama kawaida yake. Alikuwa amenyoa. Akamtupia Rula jicho la haraka, lile la kwao wawili, lakini lilipokutana na uso wa Rula likazimika. Akafuata macho yake mpaka kwenye fremu.

Mzee alisubiri, tabasamu tayari, kama mtu aliyefungua mikono akingoja kukumbatiwa. Mjapani alisogea. Akapitisha kidole kwenye pembe ya ile mbao nyeusi, akakirudisha, akakipitisha tena.

"Umeitengeneza wewe, mzee?"

"Kwa mikono hii."

"Sijawahi kuona pembe zilizokutana namna hii. Hata kule nilikokuwa."

Mzee akakohoa kwa fahari.

"Lakini mzee," Mjapani akaendelea, na sauti yake ikapungua, "umekata picha yangu."

"Nimekata karatasi. Picha hiyo hapo. Hata unyoya sijaugusa."

"Picha ilikuwa na hiyo uliyoikata."

"Ile isiyo na kitu?"

"Ile."

Rula aliona shingo ya baba yake ikianza kubadilika rangi, na alijua kinachofuata.

"Kwa hiyo kazi yangu yote hii ni kosa," mzee alisema. "Mbao niliyoilinda miaka yote, nimetoa, nimeunga, na shukrani yangu ndiyo hii. Vijana wa siku hizi bwana! Mtu akikupa nguo unamwonyesha ilipopungua."

"Baba, msikilize..."

"Nimsikilize nini? Yeye na weupe wake!"

Mjapani hakuinua sauti.

"Mzee, ningeweza kukudanganya. Nikushukuru, niondoke na picha, uniridhie. Na Mungu anajua ninavyotamani uniridhie, kwa sababu nampenda binti yako kuliko ninavyoweza kusema. Lakini nikikudanganya leo kuhusu kitu ninachokipenda, kesho nikikwambia nitamtunza huyu, utaniaminije?"

Rula naye walikuwa wameshaambiana mengi wao wawili, kwenye ngazi za maktaba, kwenye foleni ya mkate, chini ya mwavuli mmoja. Lakini neno hilo Rula hakuwahi kulisikia likisemwa mbele ya baba yake, tena saa ya ugomvi.

Mjapani aliinamisha kichwa kwa heshima, akageuka, akatoka. Alipita mlangoni, akapita duka la Msusi, akakunja kona.

"Amesahau viatu," mzee alisema.

Vilikuwa pale kizingitini, vimepangwa sambamba, ncha zikitazama nje.

*

Mzee alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akageuzia picha mgongo. Rula alivuta ndoo tupu ya gundi, akaigeuza, akaketi mbele yake. Moyo ulikuwa unamtuma akimbie kumfuata mpenzi wake, lakini alijua kwamba akitoka sasa, mlango huu kati ya hawa wawili hautafunguka tena.

"Baba, nisimulie kile kisa cha mama na kioo kinene."

"Sina hali ya visa."

"Basi nitakusimulia mimi. Mama mmoja alileta picha ya mumewe akataka kioo kinene ukamwuliza unaogopa vumbi akasema siliogopi naijua shabaha yangu." Alikisema kwa pumzi moja, bila kituo, kama mtu anayesoma namba za simu.

Mzee akakunja uso. "Umekiua."

"Nimekiua vipi? Maneno yote nimeyasema, hata moja sijaliacha."

"Si maneno! Lazima unyamaze kidogo pale kabla ya mwisho. Uvue miwani. Umwache mtu asubiri, aanze kujiuliza mwenyewe huyo mama atasema nini. Pale ndipo..." Akasimama hapo. Mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye miwani.

Kwa mara ya kwanza maishani mwake Rula alimwachia mtu mwingine nafasi yote.

Mzee aligeuka kwenye kiti, polepole. Akamtazama yule shomoro aliyebanwa. Akatazama mguu ulionyanyuliwa, shingo iliyonyooka, na yale macho yaliyotazama juu, yakaishia kwenye mbao.

"Anataka kuruka," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Nami nimemkatia anakokwenda."

"Ndiyo, baba."

"Lo!" Mzee akashika kichwa. "Lo, lo, lo! Na mtu mwenyewe nimemtukana juu!"

Akainuka. Rula alidhani anakwenda kunywa maji. Badala yake akaenda mpaka kizingitini, akainama kwa kuguna, akaokota vile viatu, akatoka navyo.

Mtaa ule haujawahi kuona jambo kama lile. Mzee mzima, fundi aliyeheshimiwa, shati safi, akitembea katikati ya barabara na viatu vya kijana mkononi, tena si vipya. Msusi alitoka nje na kitana mdomoni. Mteja wake akatoka nyuma yake, nusu kasukwa nusu bado. Rula alifuata kwa mbali, mikono kifuani, hajui acheke au alie.

Walimkuta kwenye ngazi za maktaba, ameketi na soksi zake zilizojaa vumbi. Alipomwona mzee akasimama kwa haraka. Alipoona alichobeba akataka kuvipokea, lakini mzee alishaviweka chini mbele yake.

"Vaa. Utajichoma."

"Mzee, hukustahili kubeba..."

"Vaa kwanza, tutasemezana baadaye." Mzee akaketi naye kwenye ngazi, akapumua. "Mwanangu, nimekosea. Nilitaka kukufurahisha, nikakata bila kuuliza. Huyo ndege alikuwa anaenda wapi?"

"Hajajua bado."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, baba." Neno baba lilimtoka lenyewe, na mzee hakulirudisha.

"Inaungika?"

Mjapani akatikisa kichwa. "Karatasi ile ukiigundisha, mshono utaonekana siku zote. Mtu ataangalia mshono, hataangalia mbingu."

Wote wawili wakainamisha vichwa. Rula ndiye aliyekuwa bado amesimama. Alitoa rula mfukoni, akaigonga kiganjani, kama alivyofanya kila akifikiri.

"Kwani lazima iungwe?" akasema. "Kule kwa mwalimu wako, si uliniambia wanachora mandhari moja kwenye mbao nyingi zinazosimama bega kwa bega? Mto unaanzia huku unaishia kule, na katikati kuna pengo, na hakuna anayelalamika?"

Mjapani akainua uso.

"Tuifungie mbingu fremu yake," Rula akaendelea, sasa maneno yakimfukuza. "Mbao ileile. Tuitundike juu ya shomoro, na nafasi ya kiganja katikati. Aanze humu, aende kule. Pale katikati..."

"Jicho litaruka lenyewe," Mjapani akamalizia.

Walitazamana. Kama mzee asingekuwepo pale, ngazi zile zingeshuhudia mambo. Lakini mzee alikuwepo, akapiga makofi mapajani, akanyanyuka.

"Miaka yote hii ya ufundi," akasema, "leo ndiyo nafunga fremu ya hewa. Haya, twendeni! Mnangoja nini?"

*

Mchana ule duka la fremu lilifungwa kwa wateja. Mzee alishusha ile mbao iliyobaki, akaivua gunia. Mjapani aliilaza ile karatasi nyeupe juu ya meza, akaipuliza vumbi, akaitazama kama mtu aliyempata nduguye kwenye kituo cha basi. Rula alikilaza kile kioo kirefu, akakipima, akaweka kisu. Kioo hakina msamaha. Ukishaanza unakwenda mpaka mwisho. Alipovuta mstari, alisikia chumba kizima kimenyamaza, na kilipokatika, tik, safi, akasikia mtu anashusha pumzi nyuma yake.

"Unaona?" mzee akamnong'oneza bintiye. "Nilikwambia. Hapumui."

Mjapani akafundishwa kushika mbao kwa pembe. Aliishika vibaya, akaambiwa, akaishika vibaya tena kwa namna nyingine. Mzee alimtania, naye akamjibu kwamba mwalimu wake wa kwanza alimpa kusaga wino kwa miezi, huyu wa pili ameanza kumfokea siku ya kwanza, basi ni maendeleo. Mzee akacheka mpaka randa ikapotea njia.

Jioni ilipoanza kuingia, mzee alipima kipande cha mwisho, akakikata, akasimama akitazama kilichobaki. Hakikufika hata urefu wa mkono.

"Basi imekwisha," akasema. "Picha ya harusi yenu mtaitia fremu ya plastiki."

Rula aliganda. "Picha ya nani, baba?"

"Nishikie huku."

"Baba! Umesema picha ya nani?"

"Nimesema nishikie huku, gundi inakauka."

Mjapani alikuwa amefumba macho, anatabasamu peke yake kama mtu anayesali. Na mama mtu, aliyekuwa amefika kutoka zamu na kusimama mlangoni na sare yake, akasema, "Hata ya plastiki si mbaya. Mimi na baba yenu yetu haina fremu hadi leo, na mume wangu ndiye fundi." Wakacheka wote, na mzee akacheka kwa aibu kuliko wote.

*

Kesho yake ukumbi wa maktaba ulijaa. Mtaa ulikuja wote. Msusi alikuja na wateja wake kama mtu aliyeongoza msafara. Ukutani, mwisho wa ukumbi, palining'inia zile fremu mbili nyeusi. Chini, shomoro, tayari. Juu, mbingu tupu. Mzee alisimama karibu nazo ndani ya koti lake la sherehe, na kila aliyekuja alimpokea yeye.

"Hiyo ya juu mmesahau kuchora?" bwana mmoja akauliza.

"Anza huku chini," mzee akamjibu. "Mwangalie mguu wake. Haya, sasa panda. Polepole, bwana, hukimbilii basi."

Yule bwana akapanda kwa macho. Kichwa chake kiliinuka, kikainuka, na alipofika juu kabisa akavuta pumzi bila kujua. Hakuondoka pale kwa muda.

Rula aliyaona yale kutoka upande wa pili, na kifua chake kilikuwa kimejaa hivi kwamba alihitaji hewa. Akatoka nje, akasimama juu ya zile ngazi. Manyunyu mepesi yalikuwa yameanza, mvua ambayo haimlowanishi mtu bali inamkumbusha tu kwamba ana ngozi. Hakuhitaji kugeuka ili ajue nani amekuja kusimama pembeni yake.

"Umewaacha wageni wako," akamwambia.

"Wana mwenyeji wao. Ananifasiria vizuri kuliko mimi."

Mikono yao ikatafutana, ikapatana. Siku zote Rula aliamini kwamba neno hili ni la mwanamume kulisema kwanza. Lakini mwanamume huyu angeweza kukaa na neno moja mwaka mzima akilisaga kama wino, na Rula hakuitwa Rula bure.

"Nikuulize kitu?"

"Uliza."

"Utanioa lini?"

Mjapani alimgeukia. Manyunyu yalikuwa yamemkalia kwenye nyusi. Uso wake wote ulifunguka, taratibu, kutoka machoni mpaka kidevuni, na Rula akajua kwamba sura hii ataitazama mpaka uzee wake na haitamchosha.

"Jumamosi," akasema.

"Jumamosi gani?"

"Hii inayokuja."

"Una wazimu wewe!"

"Umeuliza lini. Hukuuliza kama nina akili."

Rula alimpiga begani, akajikuta amemwegemea palepale alipompiga, na yeye akamzungushia mkono, wala hawakujali nani anapita.

"Jumamosi haiwezekani!" sauti ikasikika nyuma yao. Mzee alikuwa mlangoni, mkewe ameshikilia koti lake kwa nyuma kama anayezuia gari lisiserereke. "Jumamosi duka liko wazi, na aliyesema ndoa inafungwa kama bahasha ni nani? Jumapili. Aje na mama yake, tukae, tuzungumze kama watu wazima. Nitakuwa nawangoja kuanzia asubuhi."

"Asubuhi?" mama mtu akauliza, akamwachia lile koti. "Jumapili? Wewe?"

Hapo Rula hakujiweza. Alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi zenye maji na blauzi yake ya kijani, kwa sababu tangu azaliwe hakuna aliyewahi kumwona baba yake akiamka siku ya Jumapili kabla ya adhuhuri.